Figa Lililopakwa Chokaa

Paukwa!

— Pakawa!

Nyie wa upande wa moshi mmeitikia kama mnaumwa jino. Tena. Paukwa!

— Pakawa!

Paukwa njia!

— Pakawa magugu!

Haya, hapo nimewasikia. Sogezeni kuni, na wewe mwenye kutafuna muhogo, tafuna polepole. Mliotaka hadithi ya kuchekesha mngekuja jana. Leo nina nyongo, na hadithi yenyewe ina nyongo, na sitaitia sukari kwa ajili ya mtu.

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa wakisalimia watu na watu wakiitikia, palikuwa na mtu aitwaye Shekiondo. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema, kwa sababu nawajua nyinyi, mkisikia mtu amekosea mnaanza kutafuta pembe kichwani mwake. Shekiondo hakuwa na pembe. Alikuwa na binti mmoja, Mboni, na mama yake Mboni alifariki mtoto akiwa bado anatambaa. Shekiondo akambeba mgongoni kama wanawake wanavyobeba, akalima naye mgongoni, akapika uji naye mgongoni, na watu wakimcheka akawa anawageuzia mgongo ili wamwone mtoto vizuri. Hivyo ndivyo alivyompenda.

Mboni akakua, akaposwa, akaolewa. Aliolewa ng'ambo ya pori. Zamani watu walikuwa wakizunguka kwa njia ya kivukoni, lakini mwaka ule ule wa harusi mto ukahama, ukala kivuko chote, na tangu hapo ni bibi harusi tu anayevushwa kwa mtumbwi, tena mara moja. Kati ya baba na binti pakabaki pori tupu: michongoma, upupu, na miti iliyoshikana mpaka nyoka mwenyewe hupita kiubavu.

Sasa nchi ile ilikuwa na desturi yake. Binti akiolewa mbali, haachwi huko kama mzigo uliotuliwa. Baba hukata njia kutoka mlangoni kwake, na binti hukata njia kutoka mlangoni kwake, mpaka wakutane katikati. Baba huja na figa moja, binti huja na figa moja, na la tatu huokotwa pale pale. Wanateleka chungu, wanapika, wanakula baba na mwana. Chungu kikiisha kuchemka pale, mtoto wa kwanza wa binti anaweza kupewa jina la kwao mama yake. Na baba akiisha kula pale, basi nyumba ya binti ni nyumba yake. Hapigi hodi. Anapita uani moja kwa moja mpaka jikoni, anafunua chungu aone leo kuna nini.

Lakini mambo hayo yote yana mwisho wake. Mtoto akizaliwa kabla ya chungu, jina linakwenda upande wa pili, na baba anakuwa mgeni kama muuza chumvi anayepita. Na njia ile haikatwi kwa mikono ya kuazima. Baba haweki kibarua. Mume hamsaidii mke. Tena kabla ya chungu binti havuki katikati, kwa maana akivuka watu watasema hakutolewa kwao, alitoroka.

Katikati ya pori lile palikuwa na kichuguu kikubwa chekundu, kinachoonekana kutoka vilima vya pande zote mbili. Siku ya kuondoka, Mboni akakinyooshea kidole.

"Baba, tukutane pale."

"Tutakutana pale, mama."

"Na nitajuaje kama unakata?"

Shekiondo akafikiri. "Kila asubuhi nitagonga gogo. Ukinisikia, na wewe gonga."

"Na figa, baba? Utaleta figa gani?"

"La mama yako," alisema Shekiondo. "Lile lililopikia uji wako."

Mboni akalia, akacheka, akalia tena, akaenda zake.

Kulipokucha Shekiondo akachukua panga, akagonga gogo. Ko! Ko! Ko! Akasikiliza. Kwa mbali sana, kama mtu anayetwanga kijiji cha tatu, akasikia: ko, ko, ko. Machozi yakamtoka. Akaingia porini.

Masika yale alikata, jamani. Tusimdhulumu. Alikata mpaka viganja vikapasuka, akavifunga majani, akakata tena. Jioni alikuwa akirudi amechoka hata ugali unamshinda kumeza, lakini asubuhi akigonga gogo na kujibiwa, uchovu unapotea. Alikata mpaka mchongoma mkubwa wa kwanza. Hapo palikuwa pagumu. Mchongoma ule ulikuwa na miiba mirefu kama vidole, na mizizi iliyokataa kung'oka. Shekiondo akakaa chini kupumua.

Mtu anapokaa chini kupumua, ndipo wageni wanapokuja.

Akaja Kanga. Si kanga ya kujifunga, ewe unayecheka, Kanga mwenye mabawa. Akaja na binti zake, wamejipanga mstari, madoadoa yanang'aa.

"Salaam, Mzee Shekiondo. Njia hii ni kazi yako?"

"Ni yangu."

"Yarabi! Nimetembea nchi hii yote, sijaona njia kama hii. Wanangu, mmeona njia?"

"Tumeona, tumeona, tumeona!" wakaitikia wale binti.

Shekiondo akasikia raha. Mtu aliyepigana na miiba peke yake, akisikia neno kama hilo, hulamba midomo.

"Ila," Kanga akasema.

"Ila nini?"

"Ila pale mwanzoni. Watu wakija kuitazama wataanzia pale. Kuna visiki. Kuna majani makavu. Mzee mzima kama wewe, njia yako inaanza na majani makavu?"

Basi kesho yake Shekiondo hakwenda kwenye mchongoma. Alirudi mwanzo wa njia, akang'oa visiki. Akafagia. Akapanga mawe kando, huku na huku, makubwa kwa madogo. Akapanda asumini. Watu wa kijijini wakaja kutazama, wakapiga makofi, wakasema, Shekiondo bwana, hii ndiyo njia! Wakatembea wakaenda hadi kwenye mchongoma, wakageuka, wakarudi. Hakuna aliyeuliza njia inakwenda wapi.

Katika kufagia huko ndipo Kanga alipoliona lile figa. Shekiondo alikuwa amelitoa jikoni, ameliweka mwanzo wa njia ili asilisahau siku ya kwenda.

"Na hili jiwe jeusi?" Kanga akauliza, akainua mguu kama aliyekanyaga tope.

"Ni figa la marehemu mke wangu."

"La marehemu, na unaliacha chafu hivyo?"

Shekiondo akaona haya. Akachukua mchanga na maji, akalisugua figa mpaka masizi yakatoka yote. Miaka ya moshi, jamani, uji na mchicha na maharage ya mama yule, vikatiririka na maji vikaingia kwenye asumini. Halafu akakoroga chokaa, akalipaka. Likang'aa.

"Limependeza," akasema Kanga.

"Limependeza, limependeza, limependeza!" wakasema binti zake.

Siku hiyo akatokea Digidigi. Mnamjua, yule mnyama mdogo, miguu ya vijiti, macho makubwa ya kuomba radhi. Yeye peke yake ndiye aliyeweza kupenya pori lile.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Watoka wapi?"

"Natoka kwa Mboni. Amepita kwenye upupu wa upande wake. Mwili wote umemvimba, lakini amepita. Anauliza, baba umefika wapi?"

Shekiondo akaangalia ufagio mkononi.

"Mwambie niko njiani," akasema.

Mnacheka. Chekeni tu. Yupo hapa mtu ambaye hajawahi kusema yuko njiani huku anatafuta kiatu chini ya kitanda? Basi nyamazeni.

Asubuhi akagonga gogo. Ko! Ko! Ko! Akajibiwa: ko, ko, ko. Safari hii si kijiji cha tatu. Ilikuwa kama mtu anayetwanga nyumba ya jirani.

"Sikia!" akasema Shekiondo. "Sauti imesogea!"

"Imesogea," Kanga akakubali. "Si kwa sababu ya kazi yako?"

Shekiondo akafikiri kidogo, akaona ni kweli. Mwanzoni sauti ilikuwa mbali, sasa iko karibu, na mkataji ni yeye. Basi kazi inakwenda. Hakujiuliza kama katika siku zile zote alikuwa amekata hata tawi. Moyo wa mtu ukishataka kusadiki jambo, masikio yanatii.

Lakini hakuwa ametulia kabisa. Siku moja akachukua panga akaenda hadi kwenye mchongoma, akaupiga mara moja, panga likaruka. Nyuma yake akasikia mtu anaguna. Alikuwa Ngiri, meno nje, anajiona.

"Na panga hilo?" akasema Ngiri.

"Lina nini?"

"Mimi siku zote kabla ya kazi nanoa meno. Wewe unaingia kwenye miiba na kitu kama kijiko."

Shekiondo akalitazama panga. Kweli, lilikuwa butu. Akarudi nyumbani akanoa. Na angenoa akarudi kazini, mimi ningekaa kimya. Lakini alipomaliza kunoa akauona mpini ni mbaya. Akaenda kutafuta mpingo wa mpini. Alipopata mpini mpya, akauona ule wa mundu nao haufai, unataka mpya. Akatengeneza na kibanda cha kuwekea zana, kila moja na msumari wake wa mti. Panga la majani mabichi hapa, panga la majani makavu pale, mundu wa asubuhi, mundu wa jioni. Asubuhi alikuwa akiingia humo, anazipangusa, anazigeuza upande, anatoka amejawa na furaha ya mtu mchapakazi. Zana zilipangika kweli. Nikisema uongo mniambie: kuna ubaya gani kuwa na zana nzuri? Hakuna. Ila mchongoma ulikuwa pale pale, na masika mengine yalikuwa yamepita, na huku nyuma, mahali alipokwisha fyeka, palianza kuota tena.

Akaja Digidigi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Natoka kwa Mboni. Amefika kwenye kichuguu. Ameweka figa lake chini. Kila siku anakuja anakaa, anakusikiliza. Anauliza, baba umefika wapi?"

Shekiondo akaacha kupangusa. Akilini alimwona Mboni amekaa kwenye kichuguu, peke yake, anatazama miti. Akashika panga. Akatoka nje mpaka mlangoni mwa kibanda. Halafu akaona jua limeshapanda, akaona ni afadhali aanze kesho mapema, aanze vizuri.

"Mwambie niko njiani."

"Ndivyo ulivyosema mara ya kwanza, babu."

"Basi si unaona sijabadili maneno? Mwambie niko njiani."

Na kesho hiyo ya kuanza vizuri ilipofika, akamkuta Kinyonga uani. Kinyonga hakusema Shekiondo asiende. Kinyonga hasemi usiende. Alimwambia tu, akizungusha jicho moja huku na jingine kule, "Mzee wangu, mtu haingii porini bila kuliona pori kichwani. Umekwisha lichora?"

Wakaketi uani, wakachora njia mchangani kwa kijiti. Hapa mchongoma, hapa upupu, hapa bonde, hapa kichuguu. Kinyonga akashauri wapinde kidogo bondeni. Wakafuta, wakachora upya. Kuku wakapita, njia ikafutika, wakachora tena. Upepo ukapita, njia ikafutika, wakachora tena. Mvua ikanyesha, njia ikafutika, wakangoja mchanga ukauke wakachora tena. Na kila jioni njia ya mchangani ilikuwa imefika kwenye kichuguu, na Shekiondo alikuwa akilala kiuno kinamuuma kama mtu aliyefyeka kutwa.

Asubuhi alikuwa akigonga gogo. Ko! Ko! Ko! Na jibu lilikuwa karibu sana sasa, ko, ko, ko, wazi kabisa.

"Nimekaribia," alimwambia Kinyonga. "Nikinyoosha mkono namgusa."

Wakati huo jirani yake, Kilua, naye alikuwa ameozesha binti, tena ng'ambo ile ile, masika kadhaa baadaye. Kilua alikuwa mtu wa hovyo. Panga lake halikuwa na mpini, alilifunga kitambaa. Njia yake ilipinda kama utumbo wa mbuzi, ilizunguka kila mti mgumu, visiki vimejaa, unajikwaa hata mchana. Shekiondo alikuwa akimtania akipita.

"Kilua, hiyo njia au umefuata ng'ombe mlevi?"

"Ndugu yangu, mimi nakata nusu ya asubuhi tu, halafu naenda shamba," alijibu Kilua. "Sina akili ya zaidi."

"Inaonekana," alisema Shekiondo, na watu waliokuja kuangalia asumini wakacheka.

Kesho nusu asubuhi, kesho kutwa nusu asubuhi. Hata siku ya mvua Kilua alikwenda akakata tawi moja akarudi. Nani alimtazama? Hakuna. Hata Kanga alipita njia ile mara moja tu akasema inachafua miguu.

Mara ya tatu Digidigi alikuja anahema.

"Shikamoo, babu."

Shekiondo hakuitikia. Alikuwa ameinama, anatia chokaa mpya kwenye figa, kwa kuwa mvua ilikuwa imetoa ile ya kwanza.

"Babu, natoka kwa Mboni. Ana mimba, na mimba imekuwa kubwa. Figa la tatu ameshaliokota mwenyewe, ingawa kuinama ni taabu. Chungu amekileta. Wazee wa kule wanamuuliza kila siku, la baba liko wapi? Naye anauliza, baba umefika wapi?"

"Mwambie niko njiani."

"Babu, niende na maneno hayo hayo?"

"Niko njiani, niko njiani, niko njiani!" Shekiondo akapiga kelele. "Mnanikimbiza kama kuku! Hamwoni kazi ninayofanya hapa?" Akaokota jiwe katika mawe yale aliyoyapanga kando ya njia, akamrushia. Digidigi akaruka, akaingia porini, asirudi. Shekiondo akalitafuta lile jiwe, akalirudisha mahali pake ili mstari usiharibike.

Baada ya siku chache aligonga gogo. Ko! Ko! Ko!

Kimya.

"Upepo umegeuka," alisema Kinyonga.

Kesho yake akagonga tena. Kimya. Na kesho kutwa. Kimya. Shekiondo akasema upepo umegeuka. Akasema huenda binti amechoka. Akasema mengi, na katika kusema huko masika yakaja, kiangazi kikaja, na mambo yakabaki ya kusemwa.

Halafu siku moja akiwa kwenye asumini zake akasikia vigelegele. Kwenye ile njia ya utumbo wa mbuzi alikuwa anatokea binti Kilua, mtoto mgongoni, chungu cheusi kichwani, amechanika nguo kwa visiki, anacheka. Nyuma yake Kilua, mchafu, shavu lina mkwaruzo, amekumbatia figa lake la jikoni. Walikuwa wamekutana, wamepika, wamekula kabla mtoto hajazaliwa, na leo binti anamleta mtoto kwao. Mtoto jina lake Kilua.

Wakapita mbele ya Shekiondo. Kilua hakumtania, ingawa angekuwa na haki. Alimsalimia kwa adabu tu, na adabu ile ikamchoma Shekiondo kuliko tusi.

Ndipo alipoogopa. Siku ile hakugonga gogo, hakunoa, hakuchora. Alichukua panga lililokuwa karibu, akaingia porini. Aliupiga mchongoma kutwa, na jioni ukalala chini. Akaingia kwenye upupu akawashwa mpaka akalia kwa sauti. Akashuka bondeni, akapanda. Kanga akaja akasema mbona njia imepinda, hakumjibu. Ngiri akaja akasema mbona panga limepoteza makali, hakumjibu. Kinyonga alichelewa, hakumkuta.

Na sasa nawaambia jambo ambalo mimi likinikumbuka sipati usingizi. Nusu ile ya Shekiondo, ile iliyomshinda masika yote yale, kazi yake ilikuwa ya masika moja. Moja tu. Kabla mvua hazijakatika alikuwa ametokea kwenye kichuguu.

Alikuta mafiga mawili, na kati yake majivu ya zamani yaliyoshindiliwa na mvua. Mahali pa figa la tatu palikuwa patupu. Kando yake ardhi ilikuwa imebonyea na kulainika, pale ambapo mtu amekaa siku nyingi. Na upande wa pili wa kichuguu ilianza njia ya Mboni. Ilikuwa nyembamba, imenyooka, haina mawe ya kupangwa wala ua hata moja. Majani yalikuwa yameanza kuirudia.

Shekiondo akarudi mbio kuchukua figa. Akalipakata, jeupe kama jino, akapita njia yote ile, akatokea kijijini kwa Mboni mchana, nguo zimechanika. Akaulizia nyumba, akaonyeshwa. Kwa furaha akazunguka nyuma, akataka kuingia uani.

Mboni alikuwa jikoni. Alimwona. Akasimama, akafuta mikono kwa kanga, na uso wake ulitaka kufanya jambo, halafu ukaacha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama! Mwanangu! Nimefika!"

"Nimekuona." Akaja mpaka kwenye mlango wa ua, akaushika. "Wageni wanapita mbele, baba."

Shekiondo akadhani ni utani. Akatazama, akaona si utani. Akazunguka mbele, akasimama mlangoni kwa mwanawe mwenyewe aliyembeba mgongoni.

"Hodi," akasema.

"Karibu, mgeni."

Akatandikiwa mkeka mpya, ule wa wageni. Akaletewa maji ya kunawa. Mboni akaita nyuma ya nyumba, "Shekiondo! Njoo umsalimie mgeni."

Mtoto wa kiume akatokea, anatembea kwa kuyumba, kidole mdomoni. Shekiondo mzee akamtazama Shekiondo mdogo, moyo ukamjaa.

"Amepewa jina langu!" akasema. "Kumbe chungu kilichemka! Mwanangu, kilichemkaje na figa langu ninalo mimi?"

Mboni alikaa kwenye kigoda, akapandisha upindo wa kanga kidogo. Gotini palikuwa na kovu pana, limekunjamana, limeng'aa.

"Uchungu ulikuwa umeanza kunishika," alisema. "Wazee walisema, kikichemka pale katikati juu ya vitu vitatu, jina la kwenu litapita. Nilikuwa na viwili. Nikakaa chini, nikaegemeza chungu hapa. Nilingoja mpaka kikachemka, baba. Maharage yanachelewa kuiva."

Akaushusha upindo wa kanga.

"Kula, nilikula peke yangu," akaendelea. "Kwa hiyo jina limepita. Lakini asiyekula pale ni mgeni. Hayo si mimi niliyeyasema."

Shekiondo akasukuma figa mbele. "Nimelileta. Tunaweza kwenda sasa hivi. Tutapika tena."

"Jiwe gani hili?"

"Figa la mama yako."

Mboni akaliinua, akaligeuza. Akalisugua kwa kidole gumba, chokaa ikabaki kidoleni. Akasugua tena mahali pengine, akitafuta. Chini ya chokaa hapakuwa na kitu.

"La mama lilikuwa jeusi," alisema. Akamrudishia kwa mikono miwili, kama mtu anavyomrudishia mgeni kitu chake. "Limependeza, baba. Limependeza sana."

Shekiondo akalia mbele ya mjukuu wake. Mboni alilia pia, msidhani hakulia, lakini alilia akimpakulia chakula cha wageni, kuku mzima, na hakuna mtoto anayempikia baba yake kuku mzima kama si kwamba anamuaga. Mzee alipomaliza kula, Mboni alimsindikiza. Akafika naye pale wageni wanapoishia kusindikizwa, penye ukingo wa kijiji, akasimama.

"Njia ni nzuri," alisema. "Utafika kabla ya giza."

Shekiondo akaenda mpaka kwenye kichuguu. Akaliweka figa jeupe katika lile pengo, kati ya yale mawili meusi. Akakaa.

Tangu siku hiyo njia ya Shekiondo ndiyo iliyokuwa safi kuliko zote, mwanzo hadi mwisho, hakuna jani. Aliifyeka kila asubuhi, nusu asubuhi tu, kisha anakaa kwenye kichuguu, anagonga gogo, anasikiliza. Na siku moja Digidigi akapita, mzee sasa, anachechemea. Wala hakuwa na kinyongo.

"Shikamoo, babu," akasema. "Umefika wapi?"

Shekiondo akafungua mdomo kujibu kama alivyozoea. Lakini alikuwa amekaa mwisho wa njia. Akafunga mdomo.

Hadithi yangu inakomea kwenye kichuguu hicho, nami siendi hatua moja mbele. Nani huyo ananiuliza kama binti alikuja? Ningekuwa najua kwamba alikuja, ningewaambia tangu mwanzo, nikawaacha mlale vizuri. Fukieni moto. Na wewe uliyeanza kusuka kitanda cha mama yako tangu mwaka juzi, usinitazame mimi.